Balozi Hanunui kwa Watu Wake

Balozi hakununua hata kitunguu kwa mtu anayemjua. Ghorofa ya chini ya jengo letu la Malton aliishi mama mmoja wa Tanga aliyeuza unga, maharage, dagaa na mboga kutoka sebuleni kwake, na sote tuliozungumza Kiswahili tulinunua pale. Balozi peke yake ndiye aliyesafiri mpaka upande wa pili wa jiji, akarudi na kitunguu kilekile kwenye mfuko wa duka la watu asiowajua, akapita mbele ya mlango wa Mama wa Tanga na kumjulia hali kwa heshima zote.

"Mwone huyo," Mama wa Tanga aliniambia siku moja. "Kitunguu changu kimemkosea nini?"

Mlango wangu na wa Balozi ilitazamana kwa miaka mingi, na nilidhani namjua kuliko watu wote.

Cheo chake hakupewa na serikali yoyote. Kwetu Tanzania, balozi wa nyumba kumi ndiye anayegongewa mlango kwanza: mgeni akihamia mtaani, mume akimpiga mke, kuku wa huyu akila mtama wa yule. Hapa Kanada hakuna kitu kama hicho. Ukigombana na jirani, ofisi ya jengo inakuletea barua, basi. Yeye alikuwa mstaafu wa uwanja wa ndege. Miaka yote aliendesha vile vigari vinavyovuta mabehewa ya mizigo mpaka kwenye tumbo la ndege. Siku moja kijana wa Kenya na baba mmoja Mkongo walikunjana mashati kwa sababu ya nguo zilizotolewa kwenye mashine ya kufulia ya jengo zikiwa mbichi. Balozi alitoa viti ukumbini, akawaketisha, akasikiliza huku akitazama viatu vyake. Hakuwahi kumtazama mtu usoni wakati wa kesi. Walipomaliza kufoka akasema, "Haya, sasa rudieni yote, lakini polepole." Mkongo alianza kurudia polepole, akafika kwenye soksi, akashindwa kujizuia kucheka. Tangu siku hiyo akawa Balozi, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kisanduku cha barua.

Nilimuuliza mwenyewe habari za vitunguu. Mimi nina mdomo, siwezi kukaa na swali.

"Mama Upendo," alisema, maana binti yangu ndiye Upendo, "nikila dagaa wa yule mama, kesho akikosana na mwenzake nitaamuaje? Na akiniuzia waliooza, nitamshtaki kwa nani? Kwa Balozi?" Akacheka peke yake. "Balozi hanunui kwa watu wake. Ananunua mbali, ambako kosa ni kosa tu, halizai uadui."

Niliona ni busara. Siku hizi sina hakika. Naona ndani ya busara ile mlikuwa na woga. Mtu aliyebeba ugomvi wa jengo zima hakutaka hata siku moja awe na wa kwake.

Na kupokea hakukujua. Kukitokea msiba, alipita mlango kwa mlango kukusanya mchango, akapanga nani apike na nani alale na wafiwa. Yeye alipopasuliwa ngiri, tulijua baada ya kumwona ukumbini anatembea ameinama. Nilikasirika. Nilimwambia, "Balozi, sisi ni nani kwako?" Akajibu kwamba hatukuwa tumeombwa, kwa hiyo hatukuwa na kosa. Jibu gani hilo! Kwake yeye kila jambo lilianzia kwenye hodi. "Mwenye shida agonge mlango mwenyewe," alikuwa akiwaambia vijana waliotuma rafiki kuwaombea msamaha. "Hodi haitumwi mtu." Lakini mlango wangu aliugonga kwa shida za wengine tu. Ya kwake hakuwahi kuileta.

Shida yake ilikuwa ndani kwake. Mkewe, tuliyemwita Mama Balozi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi zamani, mwanamke wa sauti kubwa na kanga safi. Alianza kusahau chumvi, kisha majina, kisha njia. Msimu mmoja wa baridi walimkuta kituo cha basi amevaa kandambili kwenye theluji, anawauliza watu gari la nyumbani linapita saa ngapi. Baada ya hapo Balozi alifunga kitasa cha pili mlangoni. Nilimsikia mama wa watu akigonga kutoka ndani, taratibu, kama mgeni mwenye adabu, na kusema, "Jamani, tufungulieni, twende nyumbani."

Kumsikia hivyo kuliniumiza, na bado kunaniuma.

Balozi alimhudumia mwenyewe. Alitaka kujifunza kumsuka, na kwa kuwa hakuweza kuomba, alikuja kwangu kila Jumapili ninapomsuka Upendo, akajifanya anaangalia simu. Baada ya muda Mama Balozi alionekana ukumbini amesukwa twende kilioni, mistari imepinda kama njia ya mbuzi, lakini twende kilioni yenyewe. Nilimsifia sana. Balozi akatazama viatu vyake.

Kitu kimoja tu kilimtuliza mama yule, nacho ni gari. Akiwa ndani ya kuta nne alihangaika, alivuta mapazia, alilia. Gari likianza kutembea, alinyamaza, akaweka mikono mapajani, akatazama nje kwa furaha. Balozi aligundua hilo akawa anamzungusha kila siku: kuzunguka uwanja wa ndege, kisha barabara kuu mpaka Pickering kwa binti yao, na kurudi. Tatizo ni kwamba huwezi kuendesha gari siku nzima na usiku kucha. Lazima mtu ale, alale, aende choo.

Binti yao ni muuguzi. Nampenda, na sitamsema vibaya hapa, maana yeye ndiye aliyepigiwa simu kila mama yake alipopotea. Alikuwa ameshaandikisha jina la mama yake kwenye nyumba ya wazee, ile orodha ambayo unangoja muda mrefu, kisha kitanda kikipatikana unapewa siku moja tu ya kusema ndiyo au hapana. Nilikuwepo siku walipobishana jikoni kwa Balozi.

"Baba, mimi niko tired," alisema. "Kila nikiwa kazini nacheki simu. Wewe mwenyewe huwezi hata kulala. Mama anahitaji watu wa kumwangalia, professionals."

"Mama yako hafungiwi mahali," Balozi alisema.

"Na hapa si umemfungia?"

Mimi niliinuka nikaanza kuosha vikombe visivyo na uchafu. Ndipo Balozi akasema, kwa sauti ndogo, kwamba amepata njia. Atanunua nyumba inayotembea. Trela: ile ya kuvutwa nyuma ya gari, yenye kitanda, jiko la gesi na choo chake. Mama akihangaika, wanaondoka. Akilala, wanasimama. Yeye amevuta mizigo ya watu maisha yake yote, atashindwaje kumvuta mke wake?

Binti alilia, kisha akakubali kwa sharti. Majira yote ya joto wakae kwenye trela. Mama akitulia, akilala, akinenepa hata kidogo, jina linafutwa kwenye orodha. Ikishindikana, kitanda kikipatikana anaingia, na Balozi hatasema neno. Walipeana mikono kama watu wa biashara, baba na mtoto, nami nikiwa shahidi na sahani ya kikombe mkononi.

Kununua trela halikuwa jambo gumu, kwa sababu kule Pickering, barabara ileile ya binti, kuna yadi ya trela, na mwenye yadi ni mtu wetu. Ni Mhindi wa Mwanza, wa madhehebu ya Ismailia, aliyeondoka Tanzania akiwa kijana na Kiswahili chake chote. Akikasirika anatukana kwa Kisukuma. Kila msiba wa Malton viti na mahema vilitoka kwake, na sambusa zake zilifika kabla ya jamaa wa marehemu. Balozi alimpenda. Jumamosi baada ya Jumamosi alimpeleka Mama Balozi pale, nami nilikwenda nao nilipokuwa na zamu ya mapumziko. Aligonga kuta, akafungua makabati, akainama kutazama magurudumu.

Mwenye Yadi alimwambia ukweli wote, bila haraka. "Mzee, bei utaipata popote, hata kwenye simu yako hiyo. Lakini hii ni nyumba unayoitingisha barabarani kila siku. Lazima kitu kilegee. Ukinunua kwangu, ukinipigia simu mwezi wa saba wewe uko mbele, maana ni mteja wangu. Ukinunua kwingine, yadi yoyote ya hapa itakuweka nyuma ya wateja wake. Na kiangazi cha huku unakijua, ukipepesa macho kimeisha. Hapa hununui trela. Unanunua fundi."

"Nimekuelewa kabisa," Balozi alisema.

Wakati wakizungumza, Mama Balozi alikuwa amepanda ndani ya trela moja ndogo yenye mapazia ya kijani, akavua viatu, akajilaza kitandani, akalala. Alilala kweli, mdomo wazi. Walikuja wateja, mume na mke wazungu, wakataka kuiona ileile. Mwenye Yadi alisimama mlangoni akawaambia samahani, hii leo haiuzwi. Alikaa pale mlangoni kama askari mpaka mama alipoamka mwenyewe. Balozi aliyaona hayo. Machozi yalimlenga, nikayaona.

Wiki iliyofuata akaniambia anakwenda kununua trela Manitoba.

Nilidhani ananitania. Manitoba! Ni safari ya siku mbili kwa gari, ukizunguka ziwa kubwa lote na misitu isiyokwisha. Alikuwa ameiona kwenye mtandao, aina ileile, yenye nafuu kidogo. Nafuu hiyo ingeishia kwenye mafuta, na alilijua hilo vizuri kuliko mimi. "Siwezi kupatana bei na mtu aliyenifanyia vile," alisema. "Nitasema punguza kwa mdomo gani? Na ikiharibika je? Nimgombeze aliyelinda usingizi wa mke wangu?"

Mama wa Tanga alipopata habari aliweka chini fungu la mchicha. "Mwambie Balozi wenu fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. Sikuipeleka salamu hiyo.

Badala yake nilichukua likizo, nikaenda nao. Mtu alihitajika kukaa kiti cha nyuma na Mama Balozi, na Balozi asingeomba. Alitaja tu kwamba kiti cha nyuma ni kipana. Mama alikuwa mtulivu njia nzima. Aliimba nyimbo za mchakamchaka, alinifundisha jedwali la kuzidisha la saba, akaniuliza mara nyingi kama nimepewa chakula cha mchana shuleni.

Kule kwenye yadi ya Manitoba nilimwona Balozi mwingine. Alitupokea kijana mchangamfu ambaye hakumjua mtu yeyote kati yetu wala hakutaka kumjua. Balozi alibishana naye bei. Alipiga meza! Alicheka kwa sauti, akajifanya anaondoka, akarudi, akatania, akamwangalia kijana machoni muda wote. Sikuwahi kumwona akimwangalia mtu machoni katika jambo la mabishano. Tulipotoka akasema, kama mtu aliyevua koti zito, "Umesikia? Ananiita 'sir' tu. Hajui hata mimi ni nani." Nikamwonea huruma, maana nilielewa jinsi alivyochoka kuwa Balozi.

Kijana alituonyesha kila kitu kwa haraka. Maji hakuyafungua, akasema bado ni baridi, mabomba yana dawa ya kuzuia yasigande. Paa hakuna aliyelipanda. Balozi alishikana naye mkono, akaifunga trela nyuma ya gari kwa ustadi wa mtu wa uwanja wa ndege, tukaanza kurudi.

Nataka kuwa mkweli kuhusu siku za mwanzo, kwa sababu zilikuwa nzuri kupita kiasi. Waliegesha trela uani kwa binti Pickering, na kutoka hapo walikwenda kwenye maziwa, kwenye mbuga, popote. Balozi alinipigia simu akiwa kando ya ziwa fulani la kaskazini. Nyuma yake nilimsikia Mama Balozi akimwita kwa jina lake la ujana, ambalo sikuwahi kulisikia, anamwambia chai imepoa. "Amelala usiku mzima," Balozi alisema. "Jana pia." Binti alikwenda kuwaona wikiendi, akarudi akaniambia, "Auntie, amenenepa. I swear. Amenijua mara moja, akaniuliza nimekula."

Kisha ikanyesha.

Ilinyesha njiani, mvua ya upepo, na walipoegesha walale, maji yakaanza kudondoka kutoka pembe ya dari juu ya kitanda. Yalimdondokea Mama Balozi usoni akiwa usingizini. Aliamka akipiga kelele kwamba mto umefurika na watoto wa shule wako ng'ambo. Alimkwaruza Balozi shingoni, akataka kutoka nje kwenye giza na mvua. Alfajiri ile waliendesha moja kwa moja mpaka Pickering.

Kusahau kwake kulitusaidia kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa tayari kupanda tena trela, anauliza safari ni lini. Lakini trela haikuweza kusafiri. Balozi alifunika paa kwa turubai, na turubai inakaa tu ukiwa umesimama. Barabarani upepo unaichukua. Alipaka gundi pale palipovuja kwa ndani, na maji yakatokea pembeni yake, kwa kuwa paa huingizia huku na kutolea kule. Akapiga simu Manitoba. Kijana alikuwa mchangamfu vilevile. Akasema asiiguse tena, waranti, ile dhamana ya matengenezo, itakufa. Airudishe kwao wataitengeneza bure.

Airudishe vipi, na mvua zote za njiani, na mama yule ndani?

Akapiga simu yadi za hapa, zile za watu asiowajua. Kila mmoja aliuliza swali moja la kwanza: uliinunua kwetu? Wakampa nafasi mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi huku majani yameshakuwa mekundu na watu wanafunga trela zao.

Basi trela ikakaa uani kwa binti, imevikwa turubai, na kutoka kwenye ua ule ukisimama barabarani unaona bendera za yadi ya Mwenye Yadi. Unaziona kabisa.

Nilimwambia Balozi, "Twende." Akakataa. Nikamwambia nitakwenda mimi. "Usinipelekee hodi yangu," akasema, na ilikuwa mara ya pekee kunikaripia. "Nimemkwepa mchana kweupe. Leo nimpelekee shida ya trela ya mwenzake? Kwa uso gani?"

Nilikwenda. Sikuomba ruhusa ya mtu. Mwenye Yadi alinipa chai ya tangawizi na hakuuliza chochote, nikajua kwamba anajua yote. Barabara ni moja, na turubai ile ya bluu inaonekana mpaka mbinguni. Nilimweleza kuhusu sharti la binti, kuhusu orodha, kuhusu kitanda. Alisikiliza huku akikunja karatasi ndogo.

"Aje mwenyewe," alisema mwisho. "Sisemi kwa ubaya, dada yangu. Akija nawaacha wateja wote. Lakini nikimfuata mimi, nitakuwa nimekwenda kumwonyesha kosa lake mbele ya mtoto wake. Yule ni mkubwa wangu, namwamkia shikamoo. Mtu mzima hafanyiwi hivyo."

"Hata kama mkewe atapelekwa?"

Alitazama dirishani. "Nilimlinda akiwa amelala," alisema. "Mzee alidhani sikuumia?"

Nilirudi nikamweleza Balozi neno kwa neno. Akasema, "Nimesikia." Siku zikapita. Nilimuuliza tena, akasema wiki ijayo. Nilirudi kwa Mwenye Yadi, akasema bado anamngoja. Nilikuwa nalala na hasira na kuamka nazo. Wanaume wawili wazima, wanaoheshimiana, barabara moja, kila mmoja ameshika adabu yake kama mtoto anavyong'ang'ania pipi, na mwanamke katikati anauliza safari ni lini. Niliwachukia wote wawili kiangazi kile. Nawaambia kweli, niliwachukia.

Mama Balozi alirudi kwenye kuta nne. Akaanza tena kugonga kutoka ndani.

Simu ya kitanda ilikuja kabla majani hayajageuka. Binti alikuja Malton akiwa amevaa nguo za kazi, hakuketi. "Baba, ni leo au wanampa mtu mwingine," alisema. Balozi alikuwa amempa mkono, na hakusema neno, kama walivyokubaliana. Aliingia chumbani akamsuka mkewe. Alichukua muda mrefu sana. Nilipowasaidia kushusha sanduku kwenye lifti, mistari ya nywele ilikuwa imenyooka kabisa.

Baada ya hapo aliacha kuwa Balozi, ingawa tuliendelea kumwita hivyo. Watu wawili wa ghorofa ya tatu waligombea maegesho, wakamgongea, akawaambia kwa mlango uliofunguka nusu kwamba wamalizane. Gari aliliacha, kila siku akapanda mabasi kwenda kumwona mkewe na kurudi. Nyumba ile ya wazee ni safi, sitaki kuidhulumu. Wanamlisha, wanamwogesha. Wanampa dawa ya kumtuliza, kwa sababu anahangaika, na dawa ikimkolea anakaa kwenye kiti chake na hamtambui mtu.

Ilikuwa majira ya kuchipua yaliyofuata, theluji imeyeyuka na kila kitu kina matope, aliponigongea mlango. Alikuwa amevaa suti ya kanisani. "Mama Upendo," alisema, "nisindikize Pickering. Binti anataka ua wake. Nataka kuiuza ile trela, na siwezi kumuuzia mtu kitu kinachovuja."

Tuliivuta mpaka kwa Mwenye Yadi. Ilikuwa dakika chache tu, hata wimbo wa redioni haukuisha. Mwenye Yadi alitoka ofisini akiwa na kalamu sikioni, akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana. Hujambo? Watoto?"

"Hawajambo. Mama anaendeleaje?"

"Yupo," Balozi alisema. Kisha akasema kwa shida, akimtazama usoni, "Nimekuja kuomba unitazamie paa."

Mwenye Yadi hakumwita kijana wake yeyote. Alivua koti, akaleta ngazi, akapanda mwenyewe na mvi zake. Tulimsikia akitembea juu, akipapasa, akinong'ona Kisukuma. Akashuka kuchukua bisibisi na utepe mpana wa kuzibia paa, akapanda tena. Nilikuwa nimeanza tu kunywa chai aliyotuletea karani wake alipotokeza kichwa ukingoni.

"Tayari," alisema.

Balozi alidhani hakusikia vizuri. "Tayari nini?"

"Tayari, mzee. Kifuniko cha tundu la hewa hakikukazwa kiwandani. Skrubu mbili, na utepe kidogo."

"Ndiyo hiyo tu?"

Mwenye Yadi alishuka ngazi polepole. Alifuta mikono yake kwenye suruali, akaifuta tena, na nikaona anatamani kusema kwamba ilikuwa kazi kubwa. "Ndiyo hiyo tu," alisema.

Balozi alipanda ndani ya trela akiwa na suti yake, akaketi kwenye ukingo wa kitanda chini ya ile pembe, akainua uso. "Leta maji," alisema. "Tuipime."

Mwenye Yadi alivuta mpira wa maji, akapiga paa lote, mbele na nyuma, mpaka maji yakatiririka kwenye madirisha kama mvua ya masika. Mimi nilisimama mlangoni. Dari ilikuwa kavu.

"Ongeza," Balozi alisema.

Mwenye Yadi alisogea karibu, akafungulia zaidi.

"Ongeza, bwana!"

Aliongeza mpaka mwisho. Kishindo kilikuwa kikubwa hata sikuweza kusikia pumzi yangu. Balozi alikuwa amekaza macho kwenye ile pembe, kiganja kimeinuliwa chini yake, kimekingwa. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nikajua anaomba. Alikuwa anaomba livuje, hata tone moja tu.

"Ongeza!" alipiga kelele. "Nimesema ongeza!"

Nje, Mwenye Yadi alikuwa amelowa mpaka kifuani, analia waziwazi, na hakuwa na maji zaidi ya kumpa.